Lango Nililolifunga kwa Ajili ya Hakimu

Dukani kwa Nurudini,
Mtaa wa Murusi,
Kasulu, Kigoma.

Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Saady,

Assalaam alaykum. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na Nasma na watoto, na joto la Tanga lisiwe limewamaliza. Kifua chako kinaendeleaje? Siku ile kwenye simu ulikohoa mpaka nikaacha kuongea, na ulipoona nimenyamaza ukanidanganya kwamba ni vumbi la dukani. Mimi nimekulea, Saady. Nenda kapime, usiwe kama marehemu baba aliyekuwa anaogopa sindano kuliko kifo. Sisi huku tunapumua, alhamdulillah. Mvua hainyamazi, njia ya sokoni ni tope tupu, maharage ya watu yanaoza shambani, na shemeji yako Nurudini analalamikia mgongo wake kama kawaida.

Najua utashangaa dada yako kushika kalamu wakati simu ipo. Lakini nyumba yetu unaijua. Hakuna mahali pa kusimama nikaongea mama asinisikie. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia na maneno yake mengi, ila masikio hakikuyagusa hata kidogo. Nikiongea uani anasikia, nikiongea dukani wateja wanasikia na kesho yake wanamletea. Kwa hiyo nimeandika. Gharibu, yule mwenye duka jirani na letu, anakwenda Dar kuchukua vitenge, na amekubali kupitiliza mpaka kwako. Isome peke yako kwanza, halafu utaamua cha kumsomea Nasma.

Nianze na Hakimu, maana kila ukipiga simu unamwulizia yeye kabla yangu. Ulipomleta sungura yule ndani ya boksi la sabuni, mama akiwa ndiyo kwanza ametoka hospitali, niliona umerukwa na akili. Mtu amepooza, wewe unamletea mnyama wa kumkojolea mapajani. Nilikuambia hivyo usoni kwako, ukacheka, ukasema anaitwa Hakimu kwa sababu anasikiliza pande zote na hasemi kitu. Ukapanda basi ukaenda zako Tanga, ukaniachia mimi mavi ya kuzoa.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikukuambia kwenye simu. Yule sungura ndiye aliyemrudisha mama.

Daktari alitaka mkono ufanyiwe mazoezi kwa kampira ka kubonyeza. Mama alikatazama kale kampira, akamrushia Nurudini kwa mkono wa kushoto, na mazoezi yakaishia hapo. Lakini ukimwekea Hakimu mapajani, mkono ule wa kulia unamtafuta. Mwanzo nilikuwa nauinua mimi na kuuweka juu ya manyoya. Baadaye ukawa unatambaa wenyewe, taratibu, mpaka ufike kwenye masikio. Kisha vidole vikaanza kujikunja kidogo. Na maneno vilevile: sisi tulikuwa tunapata ndiyo na hapana, yeye anapata sentensi nzima. Nimesimama nyuma ya pazia nikamsikia mama akimsimulia Hakimu nyumba ya babu kule Pangani, na jinsi baba alivyomleta huku bara akiwa bibi harusi wa kulia njia nzima. Mimi hayo sijawahi kusimuliwa. Nilimwonea wivu sungura, Saady, ndivyo ilivyo.

Uliniuliza sungura huishi miaka mingapi. Nilimwuliza Nathaniel, yule kijana wa Njombe aliyeletwa hapa kuwa afisa mifugo, mteja wetu wa sukari na majani ya chai. Akasema akitunzwa vizuri anaweza kufika minane, wengine kumi. Nilirudi ndani nikamtazama mama alivyolala, nikapiga hesabu ya umri wake na ya Hakimu, nikaona kazi niliyopewa ni moja tu: mama asije akamzika yule sungura. Akimzika, mkono utalala tena na maneno yatarudi yalikokuwa.

Basi nikajifunza. Kumbe tulikuwa tunamwua kwa mapenzi. Nathaniel alipokuja kumwona alimkuta ana kabichi, karoti, kipande cha mkate na majani ya muhogo, vyote kwa mpigo, akashika kichwa. Majani ya muhogo ni sumu kwake. Kabichi inamjaza tumbo hewa, na sungura hajui kucheua, hewa ikishaingia haina pa kutokea. Karoti ni kama peremende, kipande kidogo siku moja moja. Chakula chake hasa ni nyasi kavu, asubuhi mpaka jioni, zisikatike, kwa sababu tumbo lake likisimama na yeye amesimama. Majani mabichi yakikatwa yasipewe na umande, yatandazwe kwanza yanyauke. Mchunga anaupenda kupita kiasi, lakini naye apimiwe.

Nurudini alinung'unika, ila alimtengenezea banda jipya lenye miguu, sakafu ya fito zilizoachana ili mkojo udondoke chini, na kila mguu ukasimamishwa ndani ya kopo la oili chafu kwa ajili ya siafu. Unakumbuka siafu walivyomaliza vifaranga vya mama mwaka ule. Tunamwekea vijiti vya mpera atafune, maana meno yake hayaachi kuota, yakirefuka hawezi kula. Kucha namkata mimi, nimejifunza kutogusa ule mshipa mwekundu. Haogeshwi. Hashikwi masikio, anashikwa kifua na makalio kama mtoto mchanga. Kila asubuhi naangalia mavi yake kabla sijaangalia sura yangu kwenye kioo. Ukitaka kumfugia binti yako mmoja huko Tanga, fuata hayo, na umtafutie kivuli, kwa kuwa joto linawaua haraka kuliko baridi.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike.

Huku kwetu unakujua. Hakuna mtu anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Mama hali chochote cha maana, ndizi na mayai waliyoleta watu yalikuwa yanaharibika jikoni, na watu wakaona aibu kuleta vitu visivyoliwa. Mama Maximilla, jirani yetu wa nyuma, ndiye aliyegundua dawa. Alikuja siku moja na fungu la nyasi za Hakimu. Mama akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, akampa Hakimu, Hakimu akala, na kila mtu akafurahi. Kuanzia hapo mtaa mzima ukabadilika. Anayekuja kumwona mama anakuja na majani ya sungura. Waislamu, Wakatoliki, walimu, wake za mapolisi, wote na kifungu mkononi. Wanaingia, wanasalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Bi Adija," wanaketi mkekani, wanamlisha Hakimu, wanampa mama habari za mji. Nyumba ilikuwa na watu tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nachambua yale majani kwa siri, yasiyofaa natupa.

Mwezi wa kumi na mbili watu wa magari wakaleta habari kutoka Kasanda kwamba sungura wanakufa. Nilisikia nikapuuza, mnyama gani hafi. Kisha Kakonko mjini. Kisha mfanyabiashara mmoja wa Kibondo akasimama dukani kwetu akasema kwa jirani yake mabanda yamebaki matupu, sungura walilala wazima wakaamka wamenyooka na damu puani. Alikuwa anasema huku anachagua betri. Niliacha kumhudumia, nikamwuliza lini, wapi, wangapi, mpaka akanitazama vibaya.

Nathaniel hakunificha. Alisema ugonjwa huo ukishamwingia sungura hauna dawa, na chanjo huku haijafika. Hauhitaji sungura akutane na sungura. Unatembea juu ya nyasi, juu ya kanga, juu ya kandambili, juu ya viganja vya mtu aliyemshika mgonjwa akaja kumshika mzima. Mtu mwenyewe haumpati kitu. Niliangalia mkeka wetu, ule wa wageni, na lile rundo la majani kwenye kona. Moyo ukaniuma kabla hakujatokea lolote.

Haukupita muda, Mama Maximilla akaamka akakuta sungura wake wote wamekufa. Unajua yule mama anaishi kwa sungura, ndio nyama yake na ndio ada ya wajukuu wake. Unajua alifanya nini? Alikuja kwetu moja kwa moja kumwambia mama, kwa sababu mama ndiye rafiki yake. Alikuja analia, na kwa mazoea ya mkono wake akapitia nyuma ya mabanda yake akakata fungu la ukoka, asije mikono mitupu.

Nilimpokea mlangoni. Nilichukua zile nyasi mkononi mwake, nikaenda nazo jikoni, nikazisukumia motoni mbele ya macho yake. Mvua ilikuwa imezilowesha, zikatoa moshi mzito. Aliuangalia ule moshi, akafuta uso kwa kanga, akageuka akarudi kwake.

Siku hiyohiyo nilifunga lango. Nikaweka beseni la maji ya dawa pale nje, na sabuni, na gunia lililolowa la kukanyagia. Nurudini aliniuliza watu nitawaambia nini. Nilikuwa sijui. Nitamwambiaje mwanamke mtu mzima, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, kwamba asiingie kumwona mama yangu kwa sababu ya sungura? Si nitachekwa Kasulu nzima? Kwa hiyo nikawaambia mgonjwa anahitaji kupumzika, daktari amekataza wageni. Wakatazama beseni, wakanitazama mimi, wakasema ego, ndiyo, tumeelewa.

Walielewa kweli. Beseni la dawa mlangoni watu wameliona wakati wa korona na wakati wa kipindupindu, wanajua maana yake. Kabla ya Ijumaa ya wiki ile maneno yalikuwa yamezagaa kwamba Bi Adija ana ugonjwa wa kuambukiza, na bintiye anaficha. Wateja wakaanza kuninyooshea pesa kwa ncha za vidole. Hata wale wachache niliokuwa nataka waingie wakinawa, hawakuja tena. Ningeweza kwenda sokoni nikatangaza kwamba ni sungura tu. Sikwenda. Nilijiambia afadhali hivyohivyo, kimya ni usalama, Hakimu atasalimika na maneno ya watu yatakwisha yenyewe.

Na utasema kwa nini nisingemhamisha Hakimu tu. Nilimhamisha. Nurudini alimpeleka kwa kaka yake nje ya mji. Mama alifumba mdomo, hakula uji, hakunywa maji, akageukia ukutani. Kesho yake tukamrudisha.

Basi tukaishi hivyo, lango limefungwa. Hakimu alinawiri, Saady. Manyoya yanang'aa, macho maangavu, anaruka akimwona mama. Nilijisifu. Nilikuwa nasikia sungura wa mtaa wa pili wamekwisha, wa kule juu wamekwisha, na wangu mzima. Nilinyunyiza dawa, nilifua, nilikata nyasi mwenyewe mbali kule kusikofugwa kitu. Sikumtazama mama. Namaanisha, nilikuwa namlisha na kumwogesha na kumgeuza, lakini macho yangu yalikuwa bandani.

Nurudini ndiye aliyeona kwanza. Akaniambia mama hamsimulii tena Hakimu. Anamweka mapajani, mkono umelala juu yake, na yeye anaangalia lango. Asubuhi ananiomba kwa ishara nimsogeze kiti kilielekee lango. Saa za wageni zikifika anajiweka kanga vizuri kichwani. Zikipita anaishusha. Nilimwambia Nurudini asiwe anatafuta mambo. Lakini baada ya hapo na mimi nikawa naona, na nikiona naenda kunyunyiza dawa.

Siku ya Jumatano nilikuwa namvalisha soksi. Mvua ilikuwa imekatika kidogo, nje kimya, hata redio ya jirani haisikiki. Mama akanishika bega kwa mkono wa kushoto.

"Safina," akasema, wazi kabisa, kama zamani. "Mmenizika lini?"

Nikamwuliza, mama unasema nini.

"Watu hawaji."

Nilibaki nimeshika soksi. Yule mtu alikuwa hatanii, Saady, alikuwa anataka ajibiwe. Alikuwa ameketi pale siku zote hizo akijiuliza kama amekufa na ni sisi tu tusiomwambia. Nililia mpaka Nurudini akaja kutoka dukani.

Kesho yake nilimwaga lile beseni. Nikajifunga kanga nikaenda kwa Mama Maximilla. Nilimkuta barazani anapeta maharage, na mabanda yake pale nyuma yamefunguliwa milango, ameyachoma ndani, yamebaki meusi. Hakunikaribisha kiti, nami sikukitafuta, nikakaa chini. Nikamweleza yote, kwamba mama hana ugonjwa wowote wa kuambukiza, kwamba lango lilikuwa la sungura.

Alipeta mpaka ungo ukaisha.

"Wangu wamekufa wote, mwanangu," akasema, "na mlango wangu haukufungwa hata siku moja. Nilikuwa nakungoja wewe uje kunipa pole."

Sikuwa nimekwenda. Mtu amepoteza kila alichofuga, ni jirani wa ukuta kwa ukuta, na mimi nilichompa ni moshi. Niliomba radhi, akasema yameisha, na ninajua hayajaisha. Lakini aliahidi kuja Ijumaa, na kuwaambia wengine. Nikamwambia, mama, njoo, waambie wote waje, sitamrudisha mtu. Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Nathaniel alipita dukani akielekea Kibondo kikazi. Akaniambia nizidi kuwa mwangalifu, kwa kuwa sasa ugonjwa umefika kijijini Titye, na kule umeingia kwa nguvu. Nilimshukuru, nikamfungia sukari yake.

Mchana, watu walipotoka msikitini, lango likiwa wazi, wakaja. Kwanza mmoja mmoja kwa kusitasita, wakinusa hewa ya nyumba, kisha wengi. Mama alikuwa kwenye kiti, kanga kichwani, Hakimu mapajani. Alipowaona alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Walikuwa mikono mitupu safari hii, Mama Maximilla alikuwa amewaonya. Nikaanza kupumua.

Yeye mwenyewe alifika wa mwisho. Alikuwa amefua kanga, amenawa mpaka viwiko, ananuka sabuni. Na mkononi alikuwa na fungu la mchunga, bichi, limefungwa vizuri kwa ugwe. Akaniona ninavyolitazama, akanitoa wasiwasi mbele ya wote. Akasema halikutoka kwake, kwake amechoma kila kitu, hawezi kumletea rafiki yake sumu. Alikuwa amemtuma mjukuu wake alfajiri kwa kaka yake yeye mwenyewe, Titye, kule kuliko salama.

Saady, ningeweza kusema neno moja tu. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mama alishayaona majani. Na mkono wa kulia, ule ule, ukainuka kutoka mgongoni kwa Hakimu, ukanyooka hewani ukitetemeka, ukayafikia, na vidole vikafumba. Vyote. Ukayashika yale majani ukayavuta kutoka mkononi mwa Mama Maximilla, bila msaada wa mtu. Wanawake wote wakapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama. Mama akawa anacheka na machozi yanamtoka. Mama Maximilla alinitazama mimi, anataka aone kama safari hii na yeye nimempokea.

Mama akampa Hakimu, jani baada ya jani, kwa mkono ule. Hakimu akayamaliza yote. Nilisimama pale nikatabasamu.

Jana alikuwa mzima, anaruka, na mimi nikaanza kujiambia labda lile fungu lilitoka shamba lisilo na kitu. Leo tangu alfajiri hajala. Ameketi kona ya banda, macho nusu wazi, masikio yamelala mgongoni. Nimempa mchunga akaugeuzia uso. Nyasi kavu za jana ziko vilevile. Nimempigia Nathaniel, bado yuko Kibondo, atarudi kesho. Aliniuliza anapumuaje. Nikamwambia, haraka haraka. Akasema nimtenge mahali penye giza nisubiri, na akaniuliza mama anajua. Nikasema hajui.

Nakuandikia nikiwa stoo nyuma ya magunia ya chumvi, na banda liko hapa miguuni kwangu nimelifunika shuka. Nje uani wanawake wamejaa. Mama Maximilla anasimulia kitu na mama anamsahihisha, kwa maneno, kwa sentensi. Anainua mkono akiongea. Kila baada ya muda anauliza Hakimu yuko wapi, na ninajibu kutoka humu ndani kwamba amelala. Amekubali. Atakubali mpaka jioni, baada ya hapo sijui nitamwambia nini, wala nitamwambia nini Mama Maximilla, maana huyo naye akijua majani yake yamefanya nini sidhani kama atavuka tena kizingiti cha mtu.

Usiniandikie kunipa moyo. Usiniulize kama nilifanya sawa. Funga duka, panda basi, uje, hata kama ukifika utakuta nimeogopa bure. Ramadhani imekaribia, tutafunga pamoja. Sitaki niwe peke yangu naye siku atakayojua.

Nisalimie Nasma, mwambie vile viungo vya pilau alivyotuma vilifika na mama alivinusa akataja jina lake. Nisalimie watoto mmoja mmoja. Ukionana na Ba'mdogo kule Pangani mwambie kaburi la baba limepandwa maua, na mvua hii haikulibomoa. Nurudini anakusalimu, anasema umletee ile dawa ya kuchua mgongo. Mama Maximilla naye anakusalimu sana. Mungu akulinde njiani, akuondolee hicho kifua, akufikishe kwetu salama.

Mama amemtuma mtu kuniuliza naandika nini kimya hivyo. Nikajibu namwandikia Saady. Wakanyamaza wote uani ili yeye aongee, na amesema kwa sauti, neno kwa neno, akataka niandike kama alivyosema: "Mwambie Hakimu mzima. Tunamtunza."

Nimeandika.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Safina